Maswali na majibu: Kiberenge, pweza na ada ya mdogo wako

Katika safu iliyopita niligusia kwa aya moja tu kwamba vyuoni huko wanafalsafa wa maadili wanabishana kwelikweli siku hizi, nikapita zangu. Wasomaji hawakukubali nipite. Haya hapa ni baadhi ya maswali yaliyoletwa. Marefu nimeyafupisha, majina nimeyaacha, nimebakiza mahali yalikotoka.

Nasikia maprofesa wa Uingereza na Marekani wana zaidi ya miaka hamsini wakibishana kuhusu treni inayotaka kuwagonga watu watano. Hawana kazi nyingine? (Msomaji, Morogoro)

Wanazo nyingi tu, na hiyo ni mojawapo. Kisa chenyewe ni hiki: breki za kiberenge zimefeli, mbele kuna mafundi watano kwenye reli na hawatawahi kuruka pembeni. Dereva anaweza kukipindisha kiingie njia nyingine, ambako yuko fundi mmoja. Aliyekileta kisa hicho ni Philippa Foot wa Oxford, mwaka 1967, tena kwa kupitia tu, ndani ya makala iliyohusu utoaji mimba. Alichotaka kujua ni kwa nini karibu kila mtu anamruhusu dereva apindishe, lakini hakuna anayemruhusu jaji amnyonge mtu asiye na hatia ili wenye ghasia waliokamata mateka watano wawaachie. Hesabu ni ileile, mmoja kwa watano. Kwa nini basi majibu yanatofautiana?

Judith Jarvis Thomson wa chuo cha MIT, Marekani, akakiendeleza. Safari hii si dereva. Ni mpita njia anayeweza kuvuta wenzo na kubadilisha reli. Na mwingine yuko juu ya daraja, kando yake amesimama mtu mnene ambaye akisukumwa chini mwili wake utakisimamisha kiberenge. Mwaka 2020 David Bourget na David Chalmers waliwahoji wanafalsafa zaidi ya 1,700 kuhusu mambo mengi, na hilo likiwamo. Asilimia 63 walisema au walielekea kusema wenzo uvutwe. Waliokubali mtu asukumwe darajani ni asilimia 22 tu. Wengi wanaeleza tofauti hiyo hivi: kwenye wenzo, kifo cha yule mmoja ni madhara yanayoambatana na uokoaji, darajani, unamfanya mtu kuwa chombo cha kazi.

Ninachokipenda zaidi kilitokea mwaka 2008, Thomson mwenyewe alipogeuka. Aliuliza: je, kama ipo njia ya tatu, na aliyesimama kwenye njia hiyo ni wewe? Kama usingejipindishia kiberenge wewe mwenyewe, na hakuna anayekulazimisha ufanye hivyo, unapata wapi ruhusa ya kumpindishia mwenzako? Akahitimisha kwamba mpita njia hana ruhusa ya kuvuta wenzo. Mtu aliyetumia miaka zaidi ya thelathini na kisa kimoja, halafu akakataa jibu lake la mwanzo, huyo anafanya kazi.

Nina manung'uniko yangu hata hivyo. Mtu yeyote aliyepanda treni ya reli ya kati angeuliza kwanza ni nani hakuzikagua breki hizo. Visa vya aina hii vinafuta maswali ya namna hiyo makusudi, ili tubaki na jambo moja la kupima. Ni sawa, ilimradi tukumbuke kuyarudisha. Watafiti wa magari yanayojiendesha hawakukumbuka kila mara: jaribio la MIT lililochapishwa mwaka 2018 lilikusanya maamuzi karibu milioni 40 kutoka nchi na maeneo 233, watu wakichagua gari limgonge mzee au mtoto. Ujerumani ilikuwa imeshajibu mwaka mmoja kabla. Kamati yake ya maadili ilisema kuchagua kwa umri au jinsia ni marufuku.

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijijini. Dawa zikipungua tunaangalia nani hali yake ni mbaya zaidi, hatuangalii nani ni wengi. Hao wataalamu wanasemaje? (Muuguzi, Kigoma)

Umegusa penyewe. Mwaka 1977 John Taurek aliandika makala ambayo mpaka leo inawakosesha watu usingizi. Una dawa. Mtu mmoja anaihitaji yote ili apone. Wengine watano wanahitaji kila mmoja sehemu ya tano tu. Wengi tunasema haraka: wapewe watano. Taurek akasema si lazima. Kila mmoja wao anapoteza uhai wake, mmoja. Hakuna mtu anayekufa vifo vitano, wala hakuna mahali ambapo maumivu ya watu watano yanakusanyika yakawa maumivu makubwa ya mtu fulani. Yeye angerusha sarafu.

Waliomfuata ni wachache, ila kumjibu kumekuwa kazi. T. M. Scanlon wa Harvard, mwaka 1998, alileta kisa cha fundi aliyeangukiwa na mtambo ndani ya chumba cha kurushia matangazo ya televisheni. Mkono umepondeka na umeme unampiga. Ili atolewe, inabidi matangazo yakatwe kwa dakika 15, na mechi ya Kombe la Dunia ndiyo kwanza imepamba moto, bado saa nzima iishe, mamilioni wanatazama. Angoje? Scanlon anasema hapana, hata watazamaji wangekuwa mara mia ya hao. Kero ndogo za watu wengi hazijumlishwi mpaka zikayashinda mateso makubwa ya mtu mmoja. (Nawajua watu ambao wangesema angoje, hasa ikiwa ni fainali.)

Ndiyo maana sasa kuna kundi la katikati. Alex Voorhoeve wa London, katika makala ya mwaka 2014, alipendekeza tujumlishe mahitaji yanayokaribiana uzito tu, na yale madogo mno tusiyahesabu kabisa yanaposhindana na uhai. Inapendeza, mpaka uanze kushuka ngazi. Kifo na kupooza vinakaribiana. Kupooza na kupoteza mguu vinakaribiana. Mguu na mkono, mkono na kiganja, kiganja na kidole. Hatua kwa hatua utafika kwenye maumivu ya kichwa, na hutaona ni ngazi ipi iliyovunjika. Mabishano ya sasa kwenye majarida yanazunguka hapo hasa.

Na si mchezo wa vyuoni tu. Machi 2020, wagonjwa wa korona walipozidi vitanda kaskazini mwa Italia, chama cha madaktari wa usingizi na wagonjwa mahututi cha nchi hiyo kilitoa mwongozo uliosema huenda ikabidi kuweka ukomo wa umri wa kuingizwa ICU.

Mnachokifanya ninyi, kumtanguliza aliye na hali mbaya zaidi, kina mtetezi mkubwa. Derek Parfit, katika mhadhara wa mwaka 1991, alisema faida ileile ina uzito zaidi ikimfikia aliye chini, na sababu si kwamba usawa ni kitu kitakatifu. Sababu ni kwamba yeye yuko chini. Ila Parfit hakusema idadi haina maana. Kwake yeye, wagonjwa hamsini wenye hali ya wastani wanaweza kumzidi mmoja mahututi. Hapo mwongozo wa zahanati yenu na yeye mngeachana.

Nafanya kazi Muscat. Kila mwezi natuma Tanga ada ya mdogo wangu na pesa ya dawa za mama. Mwenzangu kazini ananiambia kuna wanafalsafa wanaosema pesa hiyo ningewapa maskini nisiowajua, ingeokoa maisha. Nifanyeje? (Msomaji, Muscat)

Tuma ada. Halafu tuzungumze.

Mwenzako anamzungumzia Peter Singer, Mwaustralia aliyefundisha Princeton kwa miaka mingi. Mwaka 1972 alichapisha makala aliyoiandika wakati watu wa Bengali ya Mashariki, Bangladesh ya leo, wakifa kwa njaa na mamilioni wakiwa wakimbizi. Hoja yake ina mfano mmoja. Unapita kando ya kidimbwi, unamwona mtoto anazama. Ukiingia utachafua nguo zako. Hakuna atakayesema uhifadhi nguo. Sasa, akauliza, umbali unabadilisha nini? Kama kwa kuacha anasa fulani unaweza kumwokoa mtoto aliye ng'ambo ya bahari, kutofanya hivyo kuna tofauti gani na kumpita yule wa kidimbwini?

Hoja hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, na watu wengi wanaoicheka hawajaijibu. Kutokana nayo, mwaka 2009 Toby Ord na William MacAskill walianzisha Oxford chama cha watu wanaoahidi kutoa asilimia 10 ya kipato chao, wakipeleka pesa pale zinapofanya kazi kubwa zaidi. Taasisi ya GiveWell hupiga hesabu, na makadirio yake kwa misaada bora, vyandarua vya malaria kwa mfano, ni dola elfu chache kwa kila uhai unaookolewa.

Jibu la kwanza kwa mwenzako lilitolewa na Bernard Williams. Mtu anaona wawili wanazama, anaweza kumwokoa mmoja, na mmojawapo ni mkewe. Akisimama kidogo akawaza, "Huyu ni mke wangu, na katika hali kama hii maadili yanaruhusu mtu amwokoe mkewe," Williams anasema huyo ana wazo moja la ziada. Kuna mahusiano ambayo ukiyaombea kibali umeshayavunja. Mama yako hayuko kwenye orodha ya wahitaji wa dunia akingojea zamu. Wafuasi wa Singer watakujibu kwamba upendeleo kwa ndugu ni sawa mpaka kiwango fulani, na hapo ndipo ubishi ulipo: kiwango gani? Ada na dawa ziko ndani ya kiwango chochote ninachoweza kukifikiria. Kumjengea kaka yako nyumba ya pili ya ghorofa, sina hakika.

Jibu la pili ndilo linalonishughulisha zaidi. Kwenye kidimbwi cha Singer yumo mtoto asiyesema neno. Leif Wenar wa Stanford amekuwa akiandika kwa miaka kwamba umaskini si kidimbwi: kati ya pesa yako na yule mtoto kuna serikali, wafanyabiashara, wafanyakazi wa miradi, na watu wazima wenye akili zao. Chandarua kikifika kwenye kijiji cha wavuvi kandokando ya ziwa, baadhi ya vyandarua huishia kuvua dagaa, kwa sababu mwenye nyumba amepima mwenyewe: mbu wapo kila siku, lakini na njaa ipo leo. Huyo si mjinga aliyekosa semina. Amefanya uamuzi wa maadili ambao mfano wa kidimbwi hauna nafasi ya kuuandika.

Baadhi ya wenye kutoa wamelisikia hilo, wakaamua kugawa pesa taslimu. Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, ilifanyiwa utafiti mkubwa: vijiji 653 vilipigiwa bahati nasibu, na katika vilivyoangukiwa na bahati, kaya maskini zaidi ya 10,500 zikapewa kila moja takriban dola 1,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikadiria kwamba kila dola moja ilizunguka na kuzaa shughuli za dola 2.5, na kaya zisizopewa nazo zikafaidika. Habari njema. Lakini jiweke kwenye kijiji ambacho bahati nasibu ilikiruka, jirani zako wamepaua kwa mabati, wewe bado nyasi, na aliyekuruka hakujui.

Siaya hiyohiyo ndiyo ilimlea Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995. Mwaka 1989 aliandika kuhusu misaada ya nje na akaanzia upande wa pili kabisa. Hakuanza na aliyenacho na wema wake. Alianza na asiyenacho na haki yake: usalama wa mwili, afya na riziki ni kiwango cha chini ambacho mtu akikikosa, hawezi hata kuzitumia haki nyingine anazoambiwa anazo. Kwa hiyo kinachodaiwa ni deni, hata kama mdai yuko nchi nyingine. Kwangu mimi huko ndiko kuuanza mjadala vizuri. Mtu anayedai haki yake ana sauti, na lazima umsikilize anadai nini.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa Muscat, mwambie mwenzako kwamba hoja yake nzito inawahusu kwanza walio na cha kubaki baada ya ada na dawa.

Si hao ndio waliokuwa na yule kijana tapeli wa sarafu za mtandaoni? (Msomaji, Mombasa)

Ndio hao, kundi la akina MacAskill. Sam Bankman-Fried alikuwa mfadhili wao mkubwa mpaka kampuni yake ya FTX ilipoanguka Novemba 2022, na Machi 2024 alihukumiwa miaka 25 jela. Je, wizi wake unaibatilisha hoja ya Singer? Hapana, kama vile kadhi mla rushwa habatilishi sheria. Lakini unauliza swali la haki kuhusu wale wanaowafundisha vijana kwamba kinachohesabika ni matokeo tu: ulitegemea wajifunze wapi kusita?

Kila jamii ina mila zake. Mwanafalsafa anaposema jambo fulani ni ovu kweli, ukweli huo uko wapi? Unaonekana? (Mwanafunzi, Dodoma)

Swali lako ni la J. L. Mackie. Mwaka 1977 aliandika kwamba kama uovu ungekuwa kitu halisi kilichomo duniani, kingekuwa kitu cha ajabu kisichofanana na kingine chochote, na tungehitaji hisi ya ajabu kukiona. Kwa hiyo, akasema, hakipo. Tunapozungumza maadili wote tunakosea. Mwaka 2006 Sharon Street wa New York aliongeza msumari: hisia zetu za mema na mabaya zimechongwa na mageuzi ya viumbe, yanayojali nani anazaa na nani hazai. Ingekuwa bahati isiyo na kifani kama zingelingana na ukweli fulani ulioko nje yetu.

Pamoja na hayo, katika ule uchunguzi wa 2020 asilimia 62 ya wanafalsafa walikuwa upande wa kwamba ukweli wa maadili upo; waliokataa ni asilimia 26. Hilo huwashangaza wanafunzi wengi. Sababu mojawapo ni hii. Ukimwambia mwenzako, "Hupaswi kuamini jambo hilo, ushahidi unalipinga," hilo "hupaswi" nalo halionekani kwa darubini. Kama yote yasiyoonekana kwa darubini ni ndoto, basi hata hoja ya Mackie haitudai tuiamini. Naiona hoja hiyo kuwa na nguvu, ingawa inatuambia tu kwamba mlango haujafungwa. Haituambii kilichomo ndani.

Kuhusu mila, tuchukue jambo la hapa kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, Sultani Barghash akiwa amebanwa na Waingereza. Kama mila na sheria ya mahali ndiyo kipimo cha mwisho, basi kuuza watu pale lilikuwa jambo jema hadi wino ulipokauka, na ovu kuanzia hapo. Hakuna anayeweza kulisema hilo bila kuona haya. Tena "mila ya jamii" ni mila ya nani? Waliokuwa wamepangwa mstari kusubiri mnunuzi nao walikuwa sehemu ya jamii hiyo, na hakuna aliyewauliza.

Parfit ndiye aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote. Katika kitabu chake cha mwaka 2011 aliandika kwamba kama hakuna ukweli wa namna hiyo, yeye na wengine kadhaa watakuwa wamepoteza sehemu kubwa ya maisha yao bure. Hilo si ushahidi, bila shaka.

Mbona katika mabishano haya siwaoni Waafrika? Au sisi tunazo methali tu? (Msomaji, Kisumu)

Oruka nimeshamtaja, na yeye ndiye angekujibu kwa hasira zaidi. Alitumia miaka kuwahoji wazee wa Kenya, akina Paul Mbuya Akoko wa Uluo, akiwatenganisha makundi mawili: wazee wanaozijua mila na kuzisimulia vizuri, na wazee wanaozipima, wakasema hii nzuri, hii haina maana. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Kwake, kukusanya methali za kabila na kuziita falsafa ya Kiafrika kulikuwa kutudharau, kana kwamba sisi tunafikiri kwa kundi tu.

Mabishano yenyewe yapo na ni makali. John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika husema: mimi nipo kwa kuwa sisi tupo. Mnaijeria Ifeanyi Menkiti aliichukua kauli hiyo mwaka 1984 na kuisukuma mbali: utu haupatikani kwa kuzaliwa, unaupata kwa kutimiza wajibu katika jamii, unakua nao. Ushahidi mmoja alioutoa ni mazishi: mtoto mchanga akifa, jamii nyingi hazifanyi matanga kama ya mzee. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga. Jamii, alisema, haimuumbi mtu mzimamzima. Mtu anazaliwa na akili, dhamiri na haki zake, na anaweza kuikosoa jamii hiyohiyo iliyomlea. Niko na Gyekye. Utu wa kupanda ngazi unawafaa wazee wenye heshima, lakini muulize mwanamke tasa au kijana mwenye ulemavu wa akili yeye amewekwa ngazi ya ngapi.

Siku hizi jina linalotajwa zaidi ni la Thaddeus Metz, Mmarekani anayefanya kazi Afrika Kusini. Tangu mwaka 2007, na kwa kitabu kizima mwaka 2022, amejaribu kuijenga fikra ya ubuntu iwe nadharia inayoweza kukaa meza moja na ya Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne ya 18, na ya wahesabu matokeo: tunapaswa kuuheshimu uwezo wa kila kiumbe wa kuingia katika ushirika, yaani kujihisi pamoja na kusaidiana. Motsamai Molefe na wengine wamemkosoa kwamba amekitoa nje kitu muhimu, ile safari ya mtu kujijenga awe bora. Wapo pia wanaouliza kama ubuntu uliochujwa ukaondolewa mizimu, wahenga na Mungu bado ni ule wa bibi zetu. Mimi hilo halinisumbui. Kant naye alichujwa na wajukuu zake.

Wanasema tuwajali watu watakaozaliwa miaka elfu ijayo. Hao watu hawapo! (Msomaji, Bukavu)

Hawapo, na hapo ndipo Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alipolikuta fumbo. Tuchukue bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mradi kama huo unahamisha watu. Fundi wa kuchomelea anatoka Mbeya anakwenda Handeni, anakutana na binti, wanaoana, anazaliwa mtoto. Miaka sitini baadaye, mtoto huyo akiwa mzee anateseka kwa ukame, anasema: mlitudhulumu kwa kuendelea kuchoma mafuta. Lakini bila bomba, wazazi wake wasingekutana, yeye asingekuwepo. Amedhulumiwaje na kitu ambacho bila hicho hakuna yeye? Akili inakataa, lakini taja kosa liko wapi. Watu wana miaka arobaini wakilitafuta.

Ukisema basi tuache kuangalia mtu mmojammoja, tuangalie jumla ya furaha duniani, unaangukia shimo la pili: umati mkubwa mno wa watu wenye maisha ya kubangaiza, yenye nafuu ndogo tu kuliko kutoishi kabisa, utahesabika kuwa bora kuliko watu wachache wenye neema. Parfit mwenyewe aliona hitimisho hilo linachukiza. Mwaka 2021 watafiti 29 walitia saini makala moja kusema kwamba nadharia isitupwe kwa sababu tu inaangukia humo, maana karibu kila nadharia ina shimo lake. Wasomi 29 kukubaliana juu ya chochote ni habari.

Jibu langu fupi kwako: kutokuwepo kwao leo hakuwaondolei maumivu watakapokuwepo. Anayetega bomu la ardhini lije kulipuka baada ya miaka kumi, likamkata mguu mtoto wa miaka mitano, hajitetei kwa kusema mtoto hakuwa amezaliwa. Ila wanaotaka leo tuwapunguzie walio hai kwa ajili ya matrilioni ya kesho, sijawafuata huko. Wa leo wanaweza kuulizwa na wakajibu.

Sisi wa pwani tunakula pweza. Mgeni mmoja aliniambia pweza ana akili, kumla ni dhambi. (Msomaji, Makunduchi)

Dhambi waachie masheikh. Kuhusu maumivu, mgeni wako ana hoja. Mwaka 2021 jopo lililoongozwa na mwanafalsafa Jonathan Birch wa London lilipitia tafiti zaidi ya 300, na mwaka 2022 sheria ya Uingereza ikawaingiza pweza, ngisi, kaa na kambakoche kwenye orodha ya wanyama wenye hisia. Mwaka huohuo wa 2021 Robyn Crook wa San Francisco alichapisha jaribio hili: pweza alichomwa sindano ya asidi mkononi kisha akawekwa kwenye chumba alichokuwa akikipenda. Baadaye hakukitaka tena, na alikuwa akipauma na kupachuna palepale palipochomwa. Alipopewa ganzi, aliacha. Hiyo si mishtuko tu ya mishipa.

Birch hakusema watu waache kula. Anasisitiza namna ya kuua. Ninyi mnajua vizuri kuliko mimi kwamba kina mama wanapotoka mwambani maji yakiwa yametoka, kuna anayemmaliza pweza pale pale, na kuna anayemtia kwenye ndoo akaendelea kutafuta wengine. Kumpiga alainike ni jambo la baadaye, ameshakufa. Kama ni mabishano ya wanafalsafa, yamelala hapo kwenye ndoo.

Hawa wasomi wa maadili, je, tabia zao ni njema kuliko zetu? (Msomaji, Arusha)

Eric Schwitzgebel wa California ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulichunguza hilo, mara nyingi kwa ushirikiano na Joshua Rust. Alianza peke yake, na maktaba. Katika maktaba kubwa za vyuo vya Marekani na Uingereza, vitabu vya maadili vilikuwa vinapotea zaidi kuliko vitabu vingine vya falsafa. Kisha yeye na Rust wakaangalia upigaji kura na kujibu barua pepe za wanafunzi, hakuna tofauti ya maana. Kwenye nyama, asilimia 60 ya maprofesa wa maadili walisema kula nyama ya wanyama kama ng'ombe na nguruwe mara kwa mara ni vibaya. Kwa maprofesa wa fani zisizo falsafa, ni asilimia 19. Walipoulizwa chakula cha jioni iliyopita, asilimia 37 ya hao wa maadili walikuwa wameila.

Kwa hiyo, hapana. Lakini kuna utafiti mwingine wa Schwitzgebel, wa mwaka 2020, safari hii akiwa na Bradford Cokelet na Peter Singer yuleyule, uliowafuatilia wanafunzi wa kawaida waliofundishwa kipindi kimoja kuhusu maadili ya kula nyama. Hawakuulizwa wanakula nini. Zilikaguliwa risiti zao za kantini. Milo yenye nyama ilishuka kutoka asilimia 52 hadi 45. Waalimu wao sijui, risiti zao hazikukaguliwa.